Hamna mgombea hata mmoja tunayekubaliana, kura yangu niipeleke wapi?

NjiaPanda ameuliza:

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo bila matusi maana hili jambo linanikosesha usingizi na watu wangu wa karibu nimeshindwa kuongea nao, kila nikifungua mdomo naambiwa nimehongwa au nimerogwa na wapinzani, inategemea naongea na nani.

Iko hivi. Uchaguzi umebaki wiki tatu. Mimi si mtu wa chama, nafuatilia sera, ilani nazisoma zote mpaka ukurasa wa mwisho, mahojiano nasikiliza. Juzi usiku nikachukua daftari nikachora jedwali, kushoto nimeandika mambo kumi ninayoyajali, juu majina ya wagombea watatu wa urais, nikaanza kuweka vema na kosa.

Wa kwanza kapata vema tano. Kwenye ajira na kilimo anaongea vitu ambavyo na mimi naviamini kabisa, lakini huyohuyo akiulizwa swali gumu na mwandishi wa habari anawaka, na amesema hadharani kwamba mahakama zinamchelewesha na akiingia atazinyoosha. Wa pili kapata nne. Ni mstaarabu, elimu na afya yuko vizuri, ila kodi anataka kuziongeza kwa watu ambao naona ndio wamebanwa tayari, halafu chama chake kimeshawahi kukaa madarakani na hakikufanya hata nusu ya haya anayoahidi leo. Wa tatu kapata nane. Tatizo la huyu wa tatu hata mabango hana, kila utafiti wa maoni unamweka mkiani, na kaka yangu kaniambia kumpa yule kura ni sawa na kuitupa baharini. Na hata huyo wa nane, yale mawili tusiyokubaliana si madogo, moja linagusa imani yangu na siwezi kulichukulia poa.

Uchaguzi uliopita niliingia kituoni bila kuamua. Nilisimama kwenye kituturi na kalamu mkononi, nyuma nasikia watu wanaguna foleni haisogei, mwisho nikaweka alama kwenye picha ya juu kabisa, nikakunja karatasi nikatumbukiza. Miaka yote hii nikimsikia yule mtu redioni roho inaniuma, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu mimi sijui nilimchagua kwa nini. Sitaki kurudia hilo.

Kwa hiyo nifanyeje? Nimpe wa moyoni asiyeweza kushinda, nimpe mwenye afadhali, niharibu karatasi, au nibaki nyumbani? Nyie mnaamuaje mkifika hapa?

MamaWawili amejibu:

Mdogo wangu pole, na hongera kwa kukaa chini ukaandika, wengi wetu tunabeba haya mambo kichwani mpaka siku yenyewe.

Jedwali lako nimelipenda lakini lina shida moja, mambo yote kumi umeyapa uzito sawa. Vema ya kilimo ni moja, vema ya mahakama ni moja. Maishani haiko hivyo.

Mimi nafanya hivi. Kwanza nauliza, hiki kiti kina mamlaka gani? Nilijifunza kwa machungu. Kuna mwaka nilimpa mtu udiwani kwa sababu alikuwa anahutubia vizuri sana kuhusu katiba na mambo ya nchi za nje, yaani ukimsikiliza unasisimka. Sasa diwani na mambo ya nchi za nje wapi na wapi? Miaka mitano mtaro uliopita mbele ya shule ya wanangu uliziba, mvua ikinyesha watoto wanavuka wameshika viatu mkononi, na yeye kwenye vikao vya halmashauri ambako pesa ya mtaro inagawiwa alikuwa haonekani. Mpinzani wake alikuwa hajui kuongea lakini alikuwa ametembea na fundi kupima huo mtaro. Mimi nilimcheka. Kwa hiyo chukua yale mambo yako kumi, pitia moja moja, lile ambalo huyo unayemchagua hawezi kuligusa kwa kiti anachoomba lifute, hata kama linakuuma vipi. Utashangaa yatabaki mangapi.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, yale yatakayobaki jiulize, akikosea hapa, panarekebishika? Kodi ikipanda mwaka huu bunge lijalo linaweza kuishusha. Tutaumia lakini itashuka. Lakini mtu anayesema mahakama atazinyoosha, akishazinyoosha ni nani atamshitaki na kwa hakimu yupi? Uchaguzi unaofuata ukiibiwa utaenda kulalamika wapi? Hiyo kosa moja kwangu inafuta vema zote tano alizopata. Nusu shari kuliko shari kamili, na shari kamili ni ile usiyoweza kutoka ukishaingia.

Hilo la imani yako sitaligusa, ni lako na Mungu wako. Ila nalo lipitishe kwenye swali la kwanza, je rais ana uwezo wa kulibadilisha au anaongea tu?

HesabuTupu amejibu:

Nakubaliana na mama hapo juu, naongezea upande wa namba kidogo.

Mkuu, una mambo kumi, kila moja mtu anaweza kukubaliana na wewe au kukukatalia. Hiyo ni mbili mara mbili mara mbili, unaendelea hivyo mpaka mbili zifike kumi, unapata michanganyiko 1,024. Yaani kuna misimamo 1,024 inayowezekana na wagombea unao watatu. Kumpata anayelingana na wewe kwa yote kumi ingekuwa bahati ya ajabu, kwa hiyo usione kama una kasoro au nchi yako imelaaniwa. Wote wanaopiga kura wako kwenye hali yako, tofauti wewe umehesabu. Wanaokuambia mgombea wao anawafaa mia kwa mia, wengi walianza na mgombea kisha wakarekebisha misimamo yao imfuate yeye.

Sasa hujatuambia kitu cha muhimu sana, sheria ya uchaguzi wenu inasemaje? Mshindi ni mwenye kura nyingi tu hata akiwa na asilimia 35? Au lazima avuke nusu na kama hakuna aliyevuka wanarudia wawili wa juu? Jibu la swali lako linabadilika kabisa hapo.

Kama ni mwenye nyingi ndiye mshindi, duru moja, basi kaka yako ana hoja, hata kama kaiongea kwa ukali. Florida mwaka 2000 Bush alimshinda Gore kwa kura 537, na jimbo hilo peke yake ndilo lililoamua urais wa Marekani. Ralph Nader, mgombea wa tatu, alipata kura zaidi ya 97,000 palepale Florida. Sisemi zote zingeenda kwa Gore, wengine wasingetoka kabisa nyumbani. Lakini 537 ni watu wanaojaa kwenye ukumbi mmoja wa harusi.

Kama kuna duru mbili watu husema duru ya kwanza chagua kwa moyo, ya pili chagua kwa akili. Inasaidia lakini usiilalie. Ufaransa 2002 wagombea wa urais walikuwa 16, watu wa mrengo wa kushoto wakajua Jospin, mgombea wao mkubwa, atapita tu, wakajigawa kwa wagombea wadogo wa moyoni mwao. Tarehe 21 Aprili matokeo yanatoka, Chirac, rais aliyekuwa madarakani, asilimia 19.88, Le Pen, yule wa mrengo mkali wa kulia, 16.86, Jospin 16.18. Jospin nje. Wiki mbili baadaye watu waliokuwa hawampendi Chirac hata kidogo wakapanga foleni kumpigia ili Le Pen asipite, akapata asilimia 82.21. Hebu fikiria hao watu walivyojisikia, unampa kura mtu uliyempinga miaka yote kwa sababu wiki mbili nyuma ulidhani wenzako watafanya kazi yako.

Na kama uko kwenye mfumo wa kupanga namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama Australia walivyofanya tangu 1918 kwenye uchaguzi wa wabunge, basi huna shida, muweke wa moyoni namba moja, akitolewa kura yako inahamia kwa namba mbili. Ni nchi chache zenye bahati hiyo.

Sikubali amejibu:

Naheshimu mliotangulia lakini mimi nimechoka na hii lugha ya afadhali. Kila uchaguzi tunaambiwa safari hii ni hatari, mpeni huyu mwenye afadhali, mengine tutayaongea baadaye. Hiyo baadaye haijawahi kufika. Vyama vinajua utawapa tu kwa sababu unamwogopa yule mwingine, sasa kwa nini wajisumbue kukuletea mtu mzuri? Wewe ukiwa na mteja ambaye lazima anunue kwako hata bidhaa ikiwa mbovu, utaiboresha?

Kwangu ni vitu viwili. Ama mpe huyo wa tatu, ama kataa wote kwenye karatasi.

Kura ya asiyeshinda haipotei kama mnavyodhani. Uingereza 2015 chama cha UKIP, kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, kilipata asilimia 12.6 ya kura nchi nzima na kiti kimoja tu kati ya 650. Kimoja! Ukiangalia viti utasema walitupa kura. Lakini kabla hata ya huo uchaguzi chama tawala kilikuwa kimeshaahidi kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya, moja ya sababu ikiwa ni kuogopa watu wake kuhamia UKIP, na 2016 kura ikapigwa na nchi ikaamua kutoka. Upende usipende sera yao, watu wa kiti kimoja walipata walichotaka. Wanasiasa wanasoma namba za walioshindwa kwa makini kuliko sisi, wanatafuta kura za kwenda kuchukua.

Na kukataa wote nako ni sauti. India toka 2013 mashine za kura zina kitufe cha mwisho kabisa cha "hakuna hata mmoja kati ya hawa", ni Mahakama ya Juu ya nchi ile ndiyo iliyoamuru. Colombia kura tupu zikipita nusu uchaguzi unarudiwa, na 2011 mji wa Bello ulifanya kweli, mgombea umeya alikuwa mmoja tu, watu wakamkataa kwa kura tupu, ukarudiwa. Ufaransa 2017 duru ya pili watu zaidi ya milioni 4 waliweka karatasi tupu au iliyoharibiwa. Milioni nne walitoka nyumbani wakaenda kusema hatutaki. Huwezi kuwaita wavivu hao.

WakalaWaZamani amejibu:

Ndugu Sikubali naomba nikujibu kwa heshima maana nimekaa kwenye chumba cha kuhesabia kura mara tatu kama wakala wa chama na nimeona hizo karatasi zinaishia wapi.

Ni usiku, taa moja, kila mtu amechoka, hakuna aliyekula tangu asubuhi. Msimamizi wa kituo anamwaga sanduku mezani, anachukua karatasi moja moja, anainyanyua tuione sote, anataja jina, inawekwa kwenye fungu lake. Ikifika isiyo na alama au yenye alama mbili anasema imeharibika, inaenda pembeni. Mwaka mmoja ikatoka karatasi imejaa maandishi pande zote mbili. Mtu kaandika barua nzima, mwandiko mdogo mzuri, naona maneno kama ajira, aibu, watoto wetu. Nikanyoosha shingo nisome. Msimamizi kaigeuza mbele nyuma, akasema imeharibika, twende. Ilichukua sekunde tatu. Ikaingia kwenye bahasha na zile ambazo watu wamekosea kwa bahati mbaya, wazee walioweka dole gumba katikati ya picha mbili, bahasha ikafungwa na lakiri. Kwenye fomu ya matokeo yule mtu ni namba moja kati ya kumi na nne zilizoharibika. Hamna sehemu ya kuandika kwamba kumi na tatu walikosea na mmoja alikuwa na hasira ya haki. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba yule mtu yuko mahali anaamini ujumbe umefika.

Mifano uliyotoa ni ya kweli lakini imalizie. India ule uamuzi ulikuwa wa Septemba 2013 sawa, lakini hata hicho kitufe kikiongoza, mgombea mwenye kura nyingi kati ya wagombea ndiye anatangazwa. Ufaransa wanazihesabu kura tupu kivyake lakini hazimo kwenye asilimia, 2017 Macron alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 66 kana kwamba wale milioni nne hawakutoka. Kenya 2013 tume ilipotangaza mshindi kwa asilimia 50.07 hili suala lilifika Mahakama ya Juu, majaji wakasema kura zilizokataliwa zisiingizwe kwenye hesabu ya asilimia. Colombia ndio sheria yao inaipa kura tupu meno, na ndiyo maana Bello ilifanya kazi. Kwa hiyo kabla hujaharibu karatasi soma sheria ya kwenu. Kama sheria haiipi nguvu, umemwachia jirani yako akuamulie.

Na usiseme kura moja si kitu. Zanzibar Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa kwa tofauti ya kura moja. Moja. Na vyama vikuu viwili vilitoka na viti 10 kwa 9.

Sikubali amejibu:

Wakala hiyo ya barua imenigusa, sitakudanganya. Kuharibu karatasi naomba nikae nalo kwanza. Lakini hoja yangu ya chama kidogo siirudishi nyuma, na bado hamjanijibu kuhusu mteja na bidhaa mbovu.

MpyaKabisa amejibu:

Samahani kuingilia, mimi ndo mara yangu ya kwanza. Na kubaki nyumbani je? Maana wenzangu wote ndo wanasema hivyo.

HesabuTupu amejibu:

Mdogo wangu MpyaKabisa, ni haki yako sehemu nyingi, hakuna atakayekufunga. Ila usiamini ukibaki nyumbani ndo umewagomea. Kura usiyoipiga haiachi pengo, inawaongezea uzito waliokwenda, na waliokwenda mara nyingi ni watu wazima kukuzidi wenye shida tofauti na zako. Mgombea anayepanga kampeni anaangalia orodha ya wanaojitokeza, kama rika lako halijitokezi hakuna sababu ya kupoteza jioni moja kuongea na nyie. Australia walikuwa na hilo tatizo, 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60, wakatunga sheria 1924 ya kumlazimisha kila mtu kufika kituoni, uchaguzi uliofuata 1925 wakapita 91. Vyama vikalazimika kuongea na kila mtu. Sisemi tulazimishane, nasema angalia nani anafaidika wewe ukilala.

Sikubali, nikujibu la mteja. Uko sahihi, ukimpa mtu kura bila masharti hana haja ya kubadilika. Ila naona unabana sehemu ambayo imeshachelewa. Wagombea hawakudondoka toka mbinguni wiki hii, walipitishwa kwenye mchujo wa ndani ya vyama, miezi kadhaa nyuma, na wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache mno ukilinganisha na siku ya uchaguzi. Pale ndipo kura moja ina uzito wa kura mia. Tukifika siku ya mwisho tunachagua kwenye kilichobaki mezani. Kwa hiyo mi nasema siku ya kura chagua kwa akili, halafu ile hasira yako ipeleke kwenye mchujo ujao, kwenye vikao vya maoni ya bajeti, kwenye ofisi ya mbunge.

Na kitu kingine NjiaPanda, una karatasi ngapi siku hiyo? Wale wanaohimiza mafiga matatu, rais mbunge diwani chama kimoja, wanakuambia kwa faida ya chama. Wewe huna deni hilo. Ujerumani mpiga kura ana kura mbili kwenye karatasi moja, ya mbunge wa jimbo na ya chama, na wako wengi wanaozigawa vyama viwili tofauti kwa makusudi.

MamaWawili amejibu:

HesabuTupu hapo pa karatasi tofauti umeniwahi. Na mdogo wangu NjiaPanda usiogope neno "mwenye afadhali." Kumpigia mtu kura sio kuoana naye, huapi kumtetea. Mimi nikimchagua mtu namhesabu kama nimemwajiri kwa muda wa majaribio, siku ya kwanza ofisini mimi ndo wa kwanza kumuuliza. Jiulize basi na hili, kati ya hawa wawili wenye nafasi, yupi nikiandamana mbele ya ofisi yake kesho atanisikiliza au walau ataniacha nirudi nyumbani salama? Ukipata jibu la hilo mengine yanapungua uzito.

NjiaPanda amejibu:

Nimesoma zote, zingine mara mbili. Asanteni sana, sikutegemea.

Kujibu swali la HesabuTupu, kwetu ni mwenye kura nyingi ndiye mshindi, duru moja tu, na karatasi ni tatu, rais, mbunge, diwani. Kura tupu haina nguvu yoyote, nimeenda kusoma sheria yenyewe, zinaandikwa tu kwenye fomu kama alivyosema Wakala.

Nikarudi kwenye daftari. Kwa karatasi ya urais nimefuta mambo manne ambayo rais hayagusi, likiwemo lile la imani yangu, liko kwenye sheria na wa kulibadilisha ni bunge. Hilo peke yake limenipunguzia mzigo kuliko nilivyotarajia, maana nilikuwa nimembebesha wa tatu kosa ambalo siyo la kiti chake. Sita yaliyobaki nikayapanga, yasiyorekebishika juu, yanayorekebishika chini. Juu kabisa yakakaa mawili, mahakama na uhuru wa watu kuongea. Kwenye hayo mawili wa kwanza ana kosa zote mbili. Zile vema zake za ajira na kilimo bado zipo na bado naumia kuziacha, nataka hilo lijulikane, sijamuona kama adui.

Kati ya wa kwanza na wa pili tofauti kwenye utafiti wa maoni ni ndogo mno. Kwa hiyo urais nampa wa pili. Ningependa ningekuwa na namba za kupanga kama hao Waaustralia, ningemweka wa tatu juu yake bila kusita, lakini sina.

Ubunge ni hadithi nyingine. Jimbo letu ni ngome, chama kilekile kinachukua kila mara kwa tofauti kubwa, kura yangu haiwezi kubadilisha nani anakwenda bungeni. Kwa hiyo hapo Sikubali umenishawishi, nampa mgombea wa chama cha yule wa tatu ili namba yao ionekane. La imani nalo nimelipima hapahapa kwenye ubunge kwa sababu ndipo linapohusika, na nimeenda kumsikiliza yule mgombea mwenyewe, tulikuwa watu kama thelathini, nikamuuliza, akasema msimamo wake ni tofauti na wa mkuu wa chama chake na akaeleza kwa nini. Udiwani bado, kesho kutwa naenda kumtafuta yule mwenye mtaro, kila kata ina mtaro wake.

Nyuma ya daftari nimenakili ahadi za wa pili na namba ya ukurasa wa ilani, hasa ile ya kodi, maana hiyo nitampinga kuanzia siku ya kwanza.

WakalaWaZamani amejibu:

Safi sana. Kunja karatasi vizuri wino usigande upande wa pili, nimeona kura nzuri nyingi zikibishaniwa kwa sababu hiyo. Na amua kabla hujatoka nyumbani, kwenye kituturi iwe ni kuweka alama tu.

Sikubali amejibu:

Wa pili kwangu hapana bado, ila nimekuelewa. Hiyo ya kuandika namba za ukurasa naiiba.

NjiaPanda amejibu:

Mrejesho wa mwisho. Kaka yangu nimemwonyesha jedwali jana jioni, nilijua atalitupa. Aliliangalia muda mrefu halafu akaniomba kalamu, akafuta vema moja ya wa pili kwenye afya, akasema hiyo ahadi chama chao kiliitoa mara iliyopita neno kwa neno. Nimetafuta ilani ya zamani, kweli, ipo vilevile. Nimeiacha ikiwa imefutwa. Wa pili kabaki na vema chache zaidi ila zile mbili za juu bado anazo, na kaka yeye anampigia wa kwanza, kasema hayo ya mahakama atayafikiria. Tumekubaliana asubuhi ya siku hiyo tutaenda pamoja mapema kabla jua halijawa kali.